Gose ya pasheni: dalili, chanzo na namna ya kuiokoa

Siku ya tatu nilipofunua sufuria, mke wangu aliyekuwa sebuleni akauliza ni mtoto wa nani kacheua. Nyumba ile haikuwa na mtoto. Zilikuwa lita 20 za bia yangu ya kwanza ya Gose, za kimea nilichokibeba begani kutoka kituo cha mwisho cha tramu, na zote zilikwenda chooni usiku uleule, ndoo kwa ndoo, dirisha wazi na nje baridi ya Januari ya Leipzig.

Nimepika nyingi tangu hapo. Nyingine nzuri, nyingine za kunywa peke yangu bila kumkaribisha mtu. Nilichokiona ni kwamba kasoro za bia hii huonjwa mwishoni lakini huzaliwa mapema, nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo, hamira ikiwa bado kwenye pakiti. Kwa hiyo mtu akiniletea glasi na kuniuliza hii imepatwa na nini, kabla sijanusa namwomba daftari lake: ulipima pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umepanda) saa ngapi, ikasoma ngapi, sufuria ililala na joto gani. Asiye na daftari tunabahatisha pamoja.

Kwa asiyeijua, Gose (tamka "goze") ni bia ya ngano, chachu kiasi, yenye chumvi na mbegu za giligilani. Ilianzia Goslar, mji wa Ujerumani ulio kando ya kijito chenye jina hilohilo, ikaja kupata wapenzi wengi zaidi Leipzig kuanzia karne ya 18. Amri ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi (yale maua ya kutia bia uchungu) na maji tu, lakini Gose huruhusiwa Ujerumani kwa kuwa ni bia ya jadi ya eneo lake. Kiwanda cha Döllnitz kilichoanza kuipika 1824 kilikoma 1945. Kile kidogo cha Friedrich Wurzler hapa Leipzig, kilichokuwa cha mwisho, kilifungwa 1966. Kwa miaka ishirini hivi hapakuwa na anayeipika, mpaka Lothar Goldhahn alipoifufua 1986 kwa ajili ya baa yake ya Ohne Bedenken, jina ambalo maana yake ni "bila wasiwasi". Yaani ile kamba ya fundi kumfundisha mwanagenzi ilikatika. Tunayopika leo ni tafsiri, na ya kisasa zaidi ni hii ya kuchachusha ndani ya sufuria kwanza, kisha hamira, kisha tunda. Mimi natia pasheni. Wenyeji wakikunja uso nawakumbusha kuwa wao wenyewe huitia sharubati au pombe kali ya kisibiti ndani ya glasi.

Ili tuelewane vipimo, sufuria ninayoizungumzia ni hii: kilo 2.2 za kimea cha ngano na kilo 1.8 za kimea cheupe cha shayiri kiitwacho Pilsner, vikaloweshwa kwa nyuzi 66 kwa saa moja na kuchujwa. Maji ya kimea yanachemka dakika 15 bila hopsi, yanapozwa hadi nyuzi 37, yanashushwa hadi pH 4.5 kwa asidi ya laktiki (ile ya maziwa yaliyochacha), ndipo bakteria wa kuchachusha wanatiwa. Yakifika pH 3.4 au 3.5 yanachemshwa tena saa nzima pamoja na gramu 12 za hopsi laini za Kijerumani. Dakika tano za mwisho zinaingia gramu 18 za giligilani na gramu 14 za chumvi. Yakipoa, hamira. Hidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo, mwanzo inasoma 1.042 hivi, mwisho 1.008, na kilevi ni kama asilimia 4.5. Pasheni inaingia hamira ikishamaliza kazi yake.

Saa 24 zimepita, haichachi

Kabla hujawalaumu bakteria, laumu kipimo. Karatasi za pH zinazobadilika rangi hazifai hapa, kwa sababu maji ya kimea yenyewe yana rangi, na tofauti unayoitafuta, ya 3.6 na 3.3, jicho haliioni. Tofauti hiyo si ndogo: pH ikishuka kwa 0.3 tu, asidi huru imekuwa maradufu. Tumia kipimo cha elektroniki, ukisahihishe kwa zile dawa za 4.01 na 7.00 siku hiyohiyo unayopika, na poza sampuli hadi nyuzi 20 au 25 kwanza. Maneno "hurekebisha joto" yaliyoandikwa kwenye boksi yanahusu elektrodi (ile ncha ya kuchovya) tu, na elektrodi inayochovywa kwenye maji ya moto kila mara haifiki mbali.

Kama kipimo ni kizima, shika sufuria. Jiko langu wakati wa baridi hushuka hadi nyuzi 17 usiku, na sufuria niliyoiacha na 37 saa nne usiku niliikuta asubuhi ina 26. Bakteria walikuwa hai, wamezubaa tu. Lactobacillus plantarum hupenda kati ya 30 na 37. Wale wa jamii ya delbrueckii hutaka zaidi, 40 hadi 45. Soma pakiti yako ni ya nani. Siku hizi naifunga sufuria kwa mablanketi mawili na kuiingiza kwenye oveni iliyozimwa, taa ya ndani ikiwaka. Taa hiyo peke yake inatosha. Oveni yenyewe usiiwashe hata kidogo, na angalia asije mtu akaiwasha kuoka mkate bila kuuliza.

Cha tatu ni hopsi. Uchungu wa hopsi ndio uliokuwa ukilinda bia isichache tangu zamani, na bakteria wengi wa laktiki hauwapi nafasi hata ukiwa kidogo. Mpishi mwenye mazoea ya bia za kawaida mkono wake huenda wenyewe. Ule mchemsho wa kwanza anatupia hopsi, halafu anakaa siku tatu akisubiri uchachu ambao hautakuja. Limenipata. Ikitokea, usihangaike kuongeza bakteria. Endelea kupika bia ya ngano ya kawaida, na Gose ipange wiki nyingine.

Kisha kuna suala la mtindi. Watu wengi wanaanzia hapo, na najua sababu: mtindi tunaujua tangu utotoni, na ukiutia kwenye maziwa huganda usiku mmoja. Lakini bakteria wa mtindi wa dukani wamezoea sukari ya maziwa. Maji ya kimea yamejaa maltosi, sukari ya nafaka, ambayo wengi wao hawaiwezi. Wanakula ile glukosi kidogo iliyomo, pH inashuka hadi 3.9 au 3.8, kisha kimya. Ukiona mwendo huo, wa kushuka vizuri saa 12 za mwanzo halafu kusimama kama gari lililokata mafuta, ujue umetumia mtindi. Dawa yake ni plantarum safi. Hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya bia, na pia kwenye vidonge vya tumbo vya duka la dawa, mradi jina hilo liwe limeandikwa.

Hesabu ya vidonge ndiyo huwashangaza watu. Ukitaka seli milioni 10 kwa kila mililita, lita 20 zinahitaji seli bilioni 200. Kidonge cha bilioni 10, basi, ni vidonge 20, na hapo bei inauma. Wazalishe kwanza: chukua lita moja ya maji ya kimea yaliyochemshwa, tia chokaa safi ya chakula (kalsiamu kaboneti) nusu kijiko cha chai ili asidi isiwazuie mapema, vunja vidonge vitatu humo, yaache kwenye joto la 35 siku nzima. Kesho yake unalo jeshi.

Ikikwama kwenye 3.7 na umechoka, asidi ya laktiki ya chupa inaweza kumalizia safari. Uchachu wake ni wa upande mmoja, kama juisi ya unga. Kwenye bia yenye pasheni wengi hawataona.

Inanuka kama mtoto kacheua, au kama soksi

Hapa ndipo nilipoanzia mimi, na ndiyo dalili pekee ambayo dawa yake ni kumwaga.

Kosa langu lilikuwa la kujiamini. Nyumbani nimeona togwa ikichacha tangu nikiwa mdogo: uji unapoa, unga wa kimea unatiwa, chungu kinafunikwa kwa kitambaa, kesho kuna togwa tamu. Na kweli, watafiti waliochunguza togwa ya Tanzania walimkuta huyuhuyu Lactobacillus plantarum. Nikasema kama ni hivyo ya nini kununua pakiti? Nikatupa ngumi mbili za kimea kibichi ndani ya sufuria, nikafunika kwa kitambaa, nikasubiri siku tatu.

Nilisahau mambo mawili. Mtengenezaji wa togwa aghalabu hubakiza kidogo ya jana akaichanganya na ya leo, na hiyo ya jana tayari ina asidi. pH inashuka upesi na wageni wabaya hawapati mlango. Tena togwa hunywewa ndani ya siku moja au mbili. Mimi nilianzia pH 5.3 hivi, joto zuri, hewa tele, na kimea kibichi ambacho ganda lake limebeba kila aina ya kiumbe. Kabla wale wa laktiki hawajaongezeka vya kutosha, wengine walikwisha kula na kuacha asidi ya butiriki, ambayo ndiyo harufu ya matapishi na siagi iliyooza. Pua ya binadamu huinasa ikiwa miligramu chache tu kwa lita. Nilijaribu kuichemsha iondoke. Haiondoki: asidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 163, kwa hiyo maji yalipungua na uvundo ukabaki, na jiko likanuka wiki nzima.

Kinga yake ni ile pH 4.5 ya mwanzo. Kwa lita 20 asidi ya laktiki ya asilimia 80 inayohitajika mara nyingi ni kati ya mililita 15 na 25; tia 10, koroga, pima, kisha ongeza mbili mbili. Chini ya hapo wengi wa wavamizi hawaishi, na wako wanaanza kazi uwanja ukiwa wao. Halafu zuia hewa: laza nailoni ya chakula juu ya maji yenyewe, iguse uso wote, isining'inie kwenye mdomo wa sufuria. Mtu mwenye mtungi wa gesi ya kabonidayoksaidi apulizie juu kabla ya kufunika.

Tofautisha harufu hizi. Matapishi ni butiriki. Jibini kali na soksi za mwanajeshi ni ndugu yake, asidi ya isovaleriki, na hiyo inaweza kutoka kwenye hopsi kuukuu. Fungua pakiti ya hopsi unuse: kama soksi zimo humo, sufuria haina kosa. Kuna na harufu ya tatu, ya kabichi na mboga zilizolala, ambayo huja saa za mwanzo kisha hufifia pH ikipita 4. Hiyo usiikimbilie kumwaga. Kuna wanaookoa bia ya butiriki kwa kuitia hamira ya Brettanomyces, ambayo kwa miezi huweza kuigeuza iwe na harufu ya nanasi. Mimi sina pishi la kutosha wala ndoa ya kutosha kwa jaribio hilo.

Uchachu umekubali, hamira imegoma

Siku tatu hakuna kipovu. Swali la kwanza: unapima kwa nini? Kama ni refraktomita, ile ya kudondoshea tone na kutazama kwa jicho, kumbuka kwamba kilevi hukidanganya. Bia iliyokwisha kabisa, ya 1.009, itakuonyesha kama 1.020, nawe utaamini imekwama. Wenzangu wawili wamewahi kutia hamira ya pili kwenye bia iliyokwisha zamani kwa sababu hiyo. Tumbukiza hidromita upate ukweli.

Kama kweli imekwama, chanzo ni mshtuko. Hamira ya bia hufanya kazi kwa raha kwenye pH 5 na kidogo juu yake. Wewe unaitupa kwenye 3.4. Safale US-05 na zile hamira za Köln hustahimili, ila zinataka idadi. Natia pakiti mbili pale ambapo bia ya kawaida ingetaka moja. Nazilowesha kwanza kwenye maji ya vuguvugu robo saa, kisha naongeza nusu kikombe cha maji ya kimea yaliyochacha na kuziacha robo saa nyingine, zionje ubaya wa dunia kidogo kidogo. Baada ya kupoza, piga maji ya kimea kwa nguvu yapate hewa. Mchemsho wa saa nzima umeyaacha bila oksijeni. Hewa uliyokuwa ukiiogopa jana leo unaihitaji, na saa 12 baadaye utaanza kuiogopa tena.

Watu huilaumu chumvi. Gramu 14 kwenye lita 20 ni gramu 0.7 kwa lita, wakati maji ya bahari yana kama gramu 35. Hamira haishtuki kwa hiyo.

Hamira iliyolala ndani ya chachu kali siku nne, kuiamsha kwa kutikisa ndoo ni kazi bure. Washa nyingine pembeni, kwenye lita moja ya maji ya kimea yasiyochacha, na uimwage ndooni ikiwa katikati ya kuchemka povu.

Chumvi imezidi, au haionekani

Kijiko si kipimo. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6 hivi, cha chumvi ya mawe hakifiki. Nunua mizani ya jikoni. Chumvi iwe ya kawaida ya baharini isiyo na dawa ya kuzuia kugandamana. Yenye madini joto wengine huiona ikiacha ladha ya chuma.

Ukipika Dar es Salaam, Mombasa au popote mwambao kwa maji ya kisima, onja maji kwanza. Visima vingi vya pwani vimeingiliwa na bahari. Binadamu huanza kuihisi chumvi sodiamu inapofika miligramu 200 hivi kwa lita, na gramu 14 zangu huongeza kama 275. Maji yakiwa tayari yana ladha, punguza nusu, au uache kabisa; kisima kimeshakufanyia kazi.

Iliyozidi haitoki. Pika nyingine bila chumvi uzichanganye. Iliyopungua ni rahisi: yeyusha gramu 10 kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa, mimina glasi nne za bia zenye vipimo sawa, dondoshea kila moja kiasi tofauti, onja, piga hesabu ya ndoo nzima. Kiwango kizuri ni pale ambapo mgeni hasemi "ina chumvi" ila anamaliza glasi haraka kuliko alivyokusudia.

Giligilani imegeuka supu

Ladha ya figili za mchuzi au ya soseji hutoka kwenye mbegu zilizokaa, zilizosagwa unga, au zilizochemshwa muda mrefu. Vunja mbegu kwa kinu mara tatu nne tu, kila moja ipasuke vipande viwili, dakika ileile ya kuzitia. Zinusie kabla: mbegu nzuri ina harufu ya ndimu na chungwa. Zile ndefu kidogo za Kihindi, ambazo kila duka la viungo la pwani linazo, kwangu zinashinda zile za duara ninazouziwa hapa. Na kama kinu chako kimetoka kusaga bizari ya pilau, kioshe. Nimewahi kunywa Gose ya pilau, si mbaya, ila haikuwa Gose.

Povu linakufa kabla glasi haijafika mezani

Bia hii haijawahi kuwa na povu la kujivunia, kwa hiyo usitafute mlima. Lakini likitoweka kama la soda, kuna sababu. Bakteria wa laktiki hukatakata protini zinazoshika povu, zaidi wakianzia pH ya juu, ile 4.5 ya mwanzo inaokoa povu pia, sio pua tu. Siku mbili za kuchacha ni sawa, siku nne povu limeliwa.

Halafu tazama glasi. Vipovu vikiganda kwenye kuta, kuna mafuta au sabuni. Sugua kwa chumvi na maji ya moto, suuza, iache ikauke yenyewe bila kitambaa.

Mahindi, siagi, plasta, siki

Hizi nazipita haraka kwa sababu si za Gose peke yake. Harufu ya mahindi ya kuchemsha inatoka kwenye kimea cha Pilsner. Mchemsho wa pili uwe saa nzima na mfuniko ukae pembeni, maana yale matone yanayorudi kutoka mfunikoni yanairudisha. Siagi na karameli: hamira imetenganishwa na bia mapema mno, iache siku tatu nne zaidi kwenye nyuzi 21. Plasta na harufu ya hospitali: klorini ya maji ya bomba. Chemsha maji uyaache wazi usiku kucha, au tumia kibonge cha metabisulfiti, ambacho huiondoa hata kloramini isiyoogopa kuchemshwa.

Siki ni hewa na wale inzi wadogo wa ndizi mbivu. Inzi mmoja chini ya mfuniko anatosha kuwaleta bakteria wa siki. Nao wakipata oksijeni, bia inakuwa ya kachumbari.

Unameza, halafu panya

Kuna kasoro moja inayowachanganya hata wazoefu. Unanusa bia, safi. Unaonja, safi. Sekunde kumi baada ya kumeza, nyuma ya ulimi inapanda ladha ya unga mbichi wa nafaka uliolaliwa na panya. Aliye karibu anaonja haoni kitu, mnabishana.

Kitu chenyewe ni kampaundi za tetrahidropiridini. Kwenye asidi hazifuki, ndiyo maana pua haizipati. Mate yakipunguza asidi mdomoni ndipo zinajitokeza, na kwa kuwa mate ya watu hayafanani, wengine hawazihisi kabisa. Kumaliza ubishi, dondosha bia kidogo kwenye kiganja, nyunyizia magadi ya kuokea, sugua, nusa. Kama yupo, panya atatoka.

Huja wiki moja au mbili baada ya kutia chupani, hasa kama wakati wa kuhamisha bia uliimwaga kwa kuirusha ikameza hewa. Nyosha mpira hadi chini ya chupa, bia ipande polepole. Aliyekwishaingia hana dawa ila muda: ficha chupa, rudi baada ya wiki sita au miezi mitatu, mara nyingi utakuta amehama.

Pasheni na chupa

Pasheni huleta mambo mawili: asidi na sukari. Kuhusu asidi, rojo lake lina pH ya karibu 3, kwa hiyo ukitaka kutia kilo moja na nusu, simamisha uchachu wa sufuria kwenye 3.5. Mwaka jana nilisimamia 3.2 kwa ushupavu, nikatia tunda, nikapata kitu cha kusafishia masinki.

Sukari ndiyo ya hatari. Rojo la pasheni lina kama gramu 10 za sukari kwa kila gramu 100. Kilo moja na nusu ni gramu 150, sawa na gramu 7.5 kwa kila lita ya ndoo yako. Sasa kumbuka kwamba sukari ninayotia ili kupata gesi chupani ni gramu 7 kwa lita. Ukitia tunda Jumamosi na kufunga chupa Jumapili, umeweka sukari zaidi ya maradufu bila kujua, na chupa ya kawaida ya bia haikutengenezwa kwa gesi hiyo. Ngoja hidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo baada ya tunda kuingia, kwa kawaida siku saba hadi kumi. Chuja mbegu na nyuzinyuzi, kwa sababu kila kipande kinachoingia chupani ni mahali pa gesi kufumkia, ukifungua bia yote inatoka kama chemchemi ingawa gesi haikuzidi.

Wazee wa Leipzig walikuwa na ujanja wao. Walitumia chupa yenye shingo ndefu nyembamba, bila kizibo. Hamira ilipanda shingoni, ikakauka na kuwa kizibo chenyewe, na gesi ikizidi ilijipenyeza. Vizibo vyetu vya bati havina huruma hiyo. Kwa hiyo panga chupa kwenye kreti, lifunike kwa blanketi zito, liweke pasipopita watu, na kila wiki fungua moja ikiwa ya baridi. Ikilia kama soda ya kawaida, zihamishie zote kwenye friji. Ikirusha kizibo hadi darini, zipoze zilizobaki usiku kucha, kisha vaa glavu nene na miwani, uzilegeze vizibo moja moja ndani ya ndoo, ukianza na zile zilizojazwa mwisho, ambako tunda lilikuwa limejikusanya.